Okestra isiyolia kuliko mfiwa

Waongozaji wa filamu za kifamilia huwa na ombi linalofanana wanapokutana na mtunzi wa muziki: wanataka muziki uwepo, lakini mtazamaji asiusikie. Watu walie, ila wasijue wamelizwa na nani. Mtunzi anaitikia, anachukua nakala ya filamu, anarudi kwake, na akishakaa mbele ya kinanda ndipo anaona kwamba ameagizwa kitu kinachojipinga chenyewe. Okestra ni watu 30, 40, pengine 100, wameshika vyombo vilivyoundwa vijaze ukumbi. Utawaficha vipi watu wote hao nyuma ya mama mmoja anayekunja shati la marehemu mwanawe?

Kila aliyewahi kukaa msibani anamjua mtu anayelia kuliko mfiwa. Anaingia tu uani, anajitupa chini, na watu wote wanamgeukia yeye. Mfiwa mwenyewe inabidi anyamaze ili ambembeleze mgeni. Muziki wa filamu unaweza kufanya hivyo hivyo bila nia mbaya. Fidla 20 zikipanda pamoja wakati machozi ya mwigizaji ndiyo kwanza yanalengalenga, mtazamaji ameshanyang'anywa kazi yake. Ameambiwa ahuzunike, kwa kiasi gani na kuanzia lini. Wengine watalia kweli. Wengine wataudhika bila kujua kilichowaudhi, watoke wakisema tu kwamba filamu ilikuwa ya kulazimisha.

Dawa inayokuja haraka akilini ni kupunguza: punguza sauti, punguza wapigaji, weka piano peke yake. Inasaidia, lakini haifiki kwenye mzizi. Piano moja inayodondosha noti polepole juu ya kila tukio la huzuni inachosha kama okestra nzima, na kwenye matangazo ya bima tumeshaisikia vya kutosha. Swali la msingi ni la mgawanyo wa kazi. Uso wa mwigizaji umeshasema nini? Maneno yamesema nini? Kamera imeonesha nini? Kilichobaki, kama kimebaki, ndicho cha okestra. Na kama hakijabaki kitu, okestra ikae.

Niweke wazi ni okestra ipi, maana kwa msomaji wa Dar es Salaam neno hili linaweza kumletea bendi za dansi kama Maquis au Safari Sound, magitaa mbele na safu ya tarumbeta na saksafoni nyuma. Hapa nazungumzia ile ya Ulaya: fidla zilizogawanywa makundi mawili, viola, selo na besi kubwa; vyombo vya mbao vya kupuliza kama filimbi, obo na klarineti; vya shaba kama tarumbeta na tromboni; kinubi, piano, ngoma. Ndugu yake wa karibu kwetu ni taarab ya Unguja, ambako vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, vilifuata mfano wa Misri wa kukalisha fidla pamoja na udi, kanuni na nai. Anayeisikiliza taarab ya namna hiyo anajua jambo ambalo mtunzi wa filamu hufundishwa mapema: fidla husubiri. Mwimbaji anamaliza mshororo wake, ndipo zinajibu. Tofauti ni kwamba kwenye taarab jibu ni la kutamba, na hadhira imelipa kiingilio kwa ajili ya kutamba huko. Kwenye filamu ya kifamilia jibu la namna hiyo lingeua tukio.

Sinema ya Marekani ilipopata sauti haikuanza na subira. Max Steiner, aliyeandika muziki wa King Kong mwaka 1933, aliizoesha Hollywood okestra inayofuata kila kinachoonekana: mtu akipanda ngazi, noti zinapanda naye; akishtuka, tarumbeta zinashtuka. Mtindo huo ulikuja kuitwa kwa jina la Mickey Mouse, panya wa katuni, na wanaolitumia hawasifii. Kwa sokwe mkubwa kuliko nyumba ulifaa sana. Shida ilikuja pale ugomvi wa mume na mke jikoni ulipotendewa vivyo hivyo.

Filamu inayoonesha vizuri njia nyingine ni To Kill a Mockingbird ya 1962, ya mwongozaji Robert Mulligan, kuhusu Atticus Finch, mwanasheria aliyefiwa na mke huko Alabama, na watoto wake wawili. Muziki ni wa Elmer Bernstein. Huyu hakuwa mtu wa kunong'ona. Miaka miwili kabla alikuwa ameandika The Magnificent Seven, muziki wa farasi na vumbi unaojulikana hata kwa watu ambao hawajaiona filamu yenyewe, na kabla ya hapo The Ten Commandments, ambamo huwezi kupata kitu kidogo hata ukitafuta. Alipopewa Mockingbird alikwama kwa wiki kadhaa. Ndani ya hadithi mna ubaguzi wa rangi, kesi ya ubakaji na kifo cha mtu asiye na hatia, mambo ambayo kila moja linaita tarumbeta. Alisimulia baadaye kwamba kilichomfungua ni kutambua kuwa dunia hiyo ya watu wazima inaonekana kupitia macho ya watoto.

Akaanza upya na kinanda. Noti moja moja, upande wa juu wa piano, namna mtoto anavyodonoa chombo asichojua kukipiga. Filimbi inaupokea wimbo, kinubi kinatembea chini yake, na fidla zinafika zikiwa zimechelewa. Filamu inapoanza, muziki huu unapita juu ya sanduku la sigara ambamo mtoto amehifadhi mali zake: kalamu za rangi, gololi, saa ya mfukoni. Hausikii huzuni. Unasikia udadisi, na woga kidogo wa kitu kilichoko nyumba ya pili. Kisha kesi inafika, mahali ambapo mtunzi mwingine angemwaga kila alicho nacho, na sehemu kubwa ya kesi hiyo inakwenda bila muziki wowote. Watoto wako juu roshani wanatazama. Hawaelewi yote yanayosemwa, na okestra haijifanyi inaelewa zaidi yao.

Kinachonivutia hapo ni kwamba upole wa muziki haukutoka kwenye upole wa mtunzi. Ulitoka kwenye uamuzi kuhusu nani anayetazama. Filamu ya wazazi wanaoachana inaweza kuwa ya baba, ya mama, au ya mtoto anayesikiliza kwenye korido, na kila uchaguzi una okestra yake. Mtunzi asipoamua, anaishia kuandika muziki wa mtu asiyekuwemo kwenye hadithi, yaani mtazamaji anayedhaniwa kuwa mgumu wa kulia.

Baada ya hapo kuna suala la lini. Filamu ikishahaririwa, mwongozaji, mhariri na mtunzi hukaa pamoja kuitazama mwanzo hadi mwisho, wakiisimamisha kila mara: uingie hapa, utoke pale. Kwa mtu wa nje kikao hiki kinaweza kuonekana kama mambo ya ofisi. Kwangu ni sehemu yenye usanii kuliko hata kuandika noti, kwa sababu sekunde ya kuingia inabadilisha maana ya muziki ule ule.

Chukua tukio la kawaida kabisa. Baba yuko jikoni, chai iko motoni, simu inaita, anaambiwa binti yake amefariki. Muziki ukiingia kabla hajapokea, mtazamaji ameshajua. Dakika inayofuata anaitumia kusubiri mwingine naye ajue. Ukiingia pamoja na neno lenyewe, unapiga mstari chini ya neno ambalo halikuhitaji mstari. Sasa achia simu iishe kwenye ukimya. Baba anaiweka mezani, anasimama, anakumbuka chai, anakwenda kuzima jiko. Hapo, mkono ukiwa kwenye swichi, selo moja inaanza. Muziki huo haumhusu tena binti. Unamhusu mtu ambaye inabidi azime jiko, na kesho aliwashe. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na watu wa kazi hii hubishana juu ya picha 6 au 8, yaani muda wa kope kufumba, kwa sababu ya tofauti za namna hii.

Kuna na ujanja wa mlangoni. Masikio yetu hushtuka sauti mpya inapoanza kwenye ukimya, hivyo mtunzi huificha noti yake ya kwanza chini ya sauti nyingine: basi linapita, birika linachemka, mlango unajibamiza. Sauti ile ikiisha, selo iko ndani tayari na hakuna aliyeiona ikiingia. Kutoka ni kugumu zaidi. Muziki unaokoma kabla tukio halijaisha unawaacha wahusika peke yao na mtazamaji, na mara nyingi maneno mazito kuliko yote huwekwa kwenye ukimya huo.

Yasujiro Ozu wa Japani alilisukuma jambo hili mbali. Katika Tokyo Story ya 1953, wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda kuwatembelea watoto wao Tokyo. Watoto wana shughuli zao, wazee wanarudi, na muda si mrefu mama anafariki. Muziki wa Takanobu Saito unakaa zaidi kwenye mapito kati ya tukio na tukio, pale kamera inapotazama paa, mto, nguo zilizoanikwa. Ozu alitaka muziki ulio kama hali nzuri ya hewa, usiobadilika kwa sababu mhusika ana huzuni. Jua huwaka siku ya mazishi kama siku nyingine yoyote, na mfiwa yeyote anajua jinsi hilo linavyouma.

Satyajit Ray wa India alifanya jambo linaloonekana kinyume katika Pather Panchali ya 1955, ambayo muziki wake ni wa Ravi Shankar. Baba anarudi kijijini baada ya miezi mingi, anafungua mzigo, anatoa sari aliyomnunulia binti yake. Hajui kwamba binti amekufa. Mama anaishika ile sari, anaiuma, anaanguka kilio, na mdomo wake ukiwa wazi hatusikii sauti yake. Tunasikia tar shehnai, chombo cha nyuzi cha Kihindi kinachopigwa kwa upinde, juu kabisa, kikikata. Si okestra, wala si muziki wa taratibu. Nimeuleta hapa kwa sababu unaonesha mgawanyo wa kazi kwa uwazi kuliko mfano wowote ninaoujua: kilio cha mama kimeondolewa, chombo kimepewa nafasi yake. Hawalii wawili.

Na Asghar Farhadi wa Iran, katika A Separation ya 2011, aliamua kwamba ndoa inayovunjika haihitaji muziki karibu mpaka majina ya mwisho yanapoanza kupita. Filamu hiyo ilipata Oscar. Mtunzi anayelipwa kwa dakika asingefurahi.

Tuje kwenye ufundi. Fidla ina kibanio kidogo cha mpira au mbao kinachovalishwa juu ya kile kipande kinachobeba nyuzi. Kikivalishwa, mlio unapoteza makali na kuwa kana kwamba unatoka chumba cha pili. Mpigaji anaweza pia kuusogeza upinde uelekee shingo ya fidla, na sauti ikawa nyembamba, yenye pumzi. Anaweza kuacha kutetemesha kidole cha mkono wa kushoto. Mtetemo huo ndio unaoipa fidla sauti ya kusihi. Ukiondolewa, noti inabaki imesimama wima, baridi kidogo, na kwa huzuni ya nyumbani ubaridi huo ni msaada mkubwa. Mtu aliyefiwa kweli mara nyingi huongea bila mtetemo wowote.

Kupiga taratibu na kupunguza sauti ni vitu viwili. Fundi sauti akichukua fidla zilizopigwa kwa nguvu akazishusha kwenye mashine, anapata watu wanaopiga kelele mbali. Anayepiga taratibu anatumia upinde kidogo, na maikrofoni ya karibu inanasa mkwaruzo wa manyoya ya upinde, pumzi, hata kiti kikilalamika. Piano nayo huwekewa kitambaa kizito kati ya nyundo na nyuzi, kiasi kwamba unasikia mbao zake zikifanya kazi. Mtindo huo umezagaa siku hizi hadi umeanza kuwa kero, lakini chanzo chake kilikuwa kizuri: uusikie mwili wa mpigaji, si mlio wake pekee.

Halafu kuna maneno, ambayo ndiyo yenye nyumba. Sauti ya mwanamume anayezungumza ina msingi wake kati ya mitetemo 85 na 180 hivi kwa sekunde, ya mwanamke kati ya 165 na 255. Lakini konsonanti, zinazokuwezesha kutofautisha "pata" na "kata", ziko juu zaidi, kwenye eneo la mitetemo 1,000 hadi 4,000 na kuendelea, na huko huko ndiko unakokaa mng'aro wa fidla, obo na tarumbeta. Vikikutana, sikio linapoteza maneno hata kama muziki si mkubwa. Ndiyo maana chini ya mazungumzo utakuta selo, viola, klarineti katika noti zake za chini, na noti ndefu zisizo na mdundo, kwa kuwa mdundo wa muziki hugombana na mdundo wa kuongea. Obo, chombo kinachopenda sana kuwa peke yake, husubiri watu wanyamaze.

Aliyewahi kuimba kwaya kwa do-re-mi ataelewa haraka ujanja unaofuata. Imbeni do, mi na so kwa pamoja: kuna furaha, au angalau amani. Shusha mi nusu hatua, inageuka huzuni. Karibu hisia yote ya sauti hizo tatu inabebwa na ile ya katikati. Basi watunzi wa filamu hizi huiondoa. Wanaacha do na so, au wanaweka re mahali pa mi, na sikio linabaki halijaambiwa kama hapa ni pa kufurahi au pa kulia. Baba na binti waliokuwa hawasemezani miaka mingi wamekaa mezani, wanakula. Mtunzi akiweka mi, ameshaamua kama watapatana. Asipoiweka, mtazamaji anaendelea kuitazama mikono yao. Na ile mi inaweza kuja mara moja tu, dakika ya 95, kwenye viola ya pili ambayo hakuna anayeiangalia. Kwa mtu ambaye sikio lake limeingoja filamu nzima bila yeye kujua, hiyo inatosha.

Si lazima noti ziwe mpya. Robert Redford alipoongoza Ordinary People mwaka 1980, mtunzi Marvin Hamlisch aliichukua Kanoni ya Mjerumani Pachelbel, kazi ya karne ya 17 au mwanzo wa ya 18, akaitohoa kwa ajili ya filamu ambayo ina muziki mchache sana. Kanoni ile imekaa juu ya besi ya noti 8 zinazorudiwa mara 28 bila kubadilika hata mara moja, huku fidla tatu zikifuatana, kila moja ikirudia kilichopigwa na iliyotangulia. Filamu ni ya familia iliyopoteza kijana wao mkubwa kwenye ajali ya mashua. Mdogo wake amenusurika na anajilaumu, na mama anataka meza iandaliwe kama zamani na picha zipigwe watu wakitabasamu. Besi isiyokubali kubadilika chini ya nyumba isiyotaka kukiri kwamba imebadilika. Hamlisch, ambaye alikuwa fundi wa nyimbo za jukwaani zinazong'ang'ania kichwani, alikuwa na akili ya kuiacha ifanye kazi yenyewe.

Kwa nini basi filamu nyingi za aina hii husikika kama moja? Lawama kubwa naiweka kwenye muziki wa muda. Mhariri anapokata filamu, mtunzi bado hajaandika kitu, hivyo anaazima muziki wa filamu nyingine ili tukio lisionekane tupu. Miezi inapita. Mwongozaji amelitazama tukio lile mara mia akiwa na muziki ule, na sasa hawezi kuliwazia bila huo. Mtunzi anapofika anaambiwa aandike kitu kipya kinachofanana nao, bila kufanana sana, wasije wakashtakiwa. Muziki ulioazimwa nao pengine uliandikwa kwa kuiga ulioazimwa kabla yake. Kisa maarufu ni cha mbali na mambo ya familia: Stanley Kubrick, kwenye filamu ya anga iitwayo 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, aliubwaga muziki wote aliouandika Alex North akabaki na ule wa muda aliokuwa ameuzoea.

Mahali ambapo mjadala huu huwa mkali ni Manchester by the Sea ya Kenneth Lonergan, 2016. Lee, mfanya usafi na matengenezo kwenye majengo ya watu, anarudi mji wa kwao baada ya kaka yake kufa na kuambiwa kwamba yeye ndiye mlezi wa kijana aliyeachwa. Muziki wa Lesley Barber, mtunzi wa Kanada, ni wa kujizuia: nyuzi chache, sauti za watu zinazoimba bila chombo. Kisha, katikati ya filamu, kumbukumbu inafunguka ya usiku ambao nyumba ya Lee iliungua na watoto wake watatu ndani, baada ya yeye kusahau kuweka kizuizi mbele ya moto na kutoka kwenda kununua bia. Juu ya usiku huo Lonergan aliweka Adagio ya Albinoni, kipande cha polepole kinachobeba jina la mtunzi wa kale wa Italia, nyuzi na ogani nzito, dakika baada ya dakika, kwa sauti ya juu.

Kwanza, si ya Albinoni. Iliandikwa na Remo Giazotto, Mwitaliano mtafiti wa muziki aliyeichapisha 1958 akidai kwamba aliijenga juu ya kipande kilichosalia cha Albinoni, kipande ambacho hakukionesha hadharani. Hilo halibadilishi mlio wake. Kinachobadilisha ni kwamba imetumika sana kwenye filamu, vipindi na mazishi, na mtazamaji anaingia nayo akiwa amebeba machozi ya mahali pengine.

Waliopinga walisema ndiyo hasa kulia kuliko mfiwa. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa upande wao, na nusu yangu bado iko huko. Lakini tazama inavyofanya kazi. Adagio haifuati kitu. Wahudumu wa ambulensi wanahangaika na kitanda cha magurudumu ambacho miguu yake haitaki kukunjika, jambo la kipuuzi kabisa katikati ya maafa, na muziki hauharakishi wala haupunguzi. Hauoni. Ni ile hali ya hewa ya Ozu, isipokuwa safari hii ni ya mawingu mazito. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba ukubwa wa muziki ule haukuwa kosa, wala kutomwitikia Lee hakukuwa kosa. Kilichouponza ni umaarufu. Kipande kisichojulikana, chenye uzito na ukaidi huo huo, kingefanya kazi bila kumkumbusha mtu kitu kingine.

Aliyeumia ni Barber. Mwishoni mwa 2016 muziki wake uliondolewa kwenye orodha ya waliostahili kuwania Oscar, kwa sababu filamu ilikuwa imejaa muziki wa watunzi wengine wa zamani. Filamu yenyewe ilishinda mbili, ya mwigizaji na ya mswada. Tuzo hazijawahi kuwa rafiki wa aina hii ya utunzi. Bernstein naye, kwa ule udonoaji wa kinanda, aliteuliwa na kupitwa na Lawrence of Arabia ya Maurice Jarre, yenye jangwa zima ndani yake.

Wanaotengeneza tamthilia na filamu za bajeti ndogo, Dar es Salaam kama Nairobi, watasema haya yote ni ya wenye okestra. Sikubaliani. Fidla za ndani ya kinanda cha umeme zina ugonjwa wao, kwamba kila noti inaanza kwa namna moja na inatetemeka kwa namna moja, lakini kasoro kubwa ninayoisikia haitokani na kinanda: muziki unawashwa tukio linapoanza na kuzimwa linapoisha, kama taa. Kufuta sekunde 40 za mwanzo hakugharimu chochote. Na gharama ya mpigaji mmoja wa kweli juu ya zile fidla za mashine ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sikio likipata upinde mmoja wenye mkwaruzo, linasamehe mengine. Zeze la Wagogo lina mkwaruzo huo bila kuombwa, na hakuna anayelazimika kulitumia kwa ngoma za kijijini tu.

Uamuzi wa mwisho, hata hivyo, hauko kwa mtunzi. Uko kwenye chumba cha kuchanganyia sauti, ambako maneno, vishindo vya miguu, mvua na muziki vinakutana kwa mara ya kwanza, na mwongozaji aliyechoka ana uwezo wa kufuta kazi ya mwezi kwa kidole. Watunzi wenye uzoefu hujihami kwa kupeleka muziki ukiwa vipande: nyuzi za juu peke yake, za chini peke yake, piano peke yake. Mwongozaji akisema umezidi, fidla zinatolewa na selo inabaki, badala ya kutolewa vyote. Mara nyingi kinachobaki ni bora kuliko kilichoandikwa, na mtunzi mwenye busara hulisema hilo kabla hajaambiwa.

Anayofidiwa ni majina ya mwisho. Pale hakuna anayeongea. Ana dakika nne au tano, fidla zinaweza kuvua vibanio, wimbo uliokuwa ukikatwa katikati filamu nzima unaweza kuimbwa hadi mwisho wake, na mi ikawekwa mahali pake bila kumwingilia mtu. Kwenye luninga, hapo ndipo wanapokata na kuweka tangazo la sabuni.